Nukta ya Rangi ya Kucha

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomshtua Zamaradi. Ukumbi mzima wa mashindano ulikuwa unashangilia, maana kompyuta kuukuu yake na mdogo wake, iliyoachwa ubavu wazi, ilikuwa inazipita kasi kompyuta zote za rika lake. Alipenya hadi mezani akachungulia ndani. Kijiplastiki cha kupangia volti, yaani nguvu ya umeme unaoingia kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, kilikuwa kimevuka nukta nyekundu ya kikomo aliyoiweka mwenyewe kwa rangi ya kucha.

"Makame, nani kagusa hapa?"

"Ilikuwa inagoma, dada," mdogo wake alisema. "Nimeongeza volti kidogo tu."

"Kidogo? Nukta huioni, au ulidhani nimeipamba?"

"Tungeshindwa!"

"Tungeshindwa, tukarudi nayo nzima! Prosesa hizi hazitengenezwi tena, mpumbavu we! Nilikwambia upande ngazi moja, uweke kidole kupima joto, usubiri. Kidole chako kilikuwa wapi?"

Akazima swichi ya ukutani. Makofi yakakatika. Makame akafoka kwamba amemuaibisha mbele za watu. Zamaradi alikirudisha kijiplastiki nyuma ya nukta, vidole vikiungua, akangoja prosesa ipoe huku akihema kwa hasira. Kisha akawasha.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Kompyuta ile, ikiwa nzima, hutoa mlio mmoja mfupi kabla ya kuonyesha chochote. Wakainama wote wawili, bado wamenuniana, vichwa vikigusana juu ya ule ubavu wazi, wakausikilizia mlio ule.