King'ora cha Bondeni

Wanyama wa bondeni waliandika pamoja programu ya kupiga king'ora Chui akikaribia. Yeyote aliruhusiwa kuongeza kipande cha msimbo, mradi Kanga akikague kwanza.

Bweha akaleta chake. Kanga akakikataa palepale.

"Mbona hujakisoma, dada Kanga?"

"Wewe ni Bweha. Hilo linatosha."

Swala akaleta chake. Kanga akakipitisha bila kukisoma, maana Swala ni mpole.

Chui alipokuja, king'ora kilinyamaza. Msimbo wa Swala ulisubiri ngurumo, na Chui hangurumi akiwinda. Akaondoka na Swala mwenyewe.

"Changu kilisikiliza nyayo," Bweha akasema.

Kanga, akiwa juu ya mti, hatimaye akakisoma chote. Hakikuwa na kosa.

"Nyayo za Chui," akauliza, "umezijulia wapi?"