Kifuniko Chekundu

“Sindano mbili zilizojaa kwa fahali mkubwa, si ndiyo?” mwenzake wa Malaba, muuza dawa za mifugo pia, alimuuliza Jacinter kwenye simu. “Disketi yako nimeingiza leo asubuhi, dada. Kurasa zako za dawa zimejipanga zenyewe kati ya zangu kwenye kompyuta. Mzee wa Angurai amefunga fahali wake hapa mlangoni, navuta dawa sasa.”

Jacinter alitabasamu. Kurasa hizo alijiandikia mwenyewe kwenye kompyuta ya duka lake la dawa za mifugo, hapa Busia: ukibonyeza ugonjwa unakupeleka kwa dawa, ukibonyeza dawa inakupeleka kwa kipimo. Sasa zilikuwa zikitibu hadi Malaba.

Ndipo macho yake yalipotua kwenye chupa iliyokuwa mezani. Kifuniko cha buluu. Yeye huuza hii tu, ile nyepesi inayotoka ng’ambo, Uganda. Alipoandika kipimo, hakuona haja ya kutaja ni cha chupa ipi.

“Boss, chupa yako ina kifuniko rangi gani?”

“Nyekundu. Kwani?”

Ile kali, yenye nguvu mara mbili ya yake.

“Usidunge. Umesikia? Weka hiyo sindano chini.”

Fahali akakoroma kwa mbali, kisha sindano ikagonga bati.

“Nimeweka,” alisema.

Jacinter akashusha pumzi.

“Lakini dada, daktari wa mifugo wa Butula alipita hapa. Alizipenda kurasa, nikamtolea nakala. Yeye pia hutumia nyekundu.”

“Ana simu?”

“Ana pikipiki tu, na ameshaondoka nayo kwenda kutibu.”