Kikapu cha Kahawa ya Kutafuna

"Mama, hivi mzee wako ana ndugu huko Izigo?" jirani yangu wa Hamugembe aliniuliza, kabla sijafiwa. Nilimjibu hana, nikaendelea kumenya ndizi.

Jumamosi, kwenye meza za vitu vya kale pale Bilele, nilikiona kikapu changu. Nilikisuka mwaka wa harusi, cha kuwakaribisha wageni kwa kahawa ya kutafuna. Ukindu uliniishia, ukingo nikaumalizia kwa nyuzi za mgomba. Mume wangu Projestus aliniambia kimepotea.

Sasa ukingo uling'aa kwa kushikwashikwa. Kwangu hakikukaa hata miezi sita.

"Shika polepole, mama, hicho kizee kuliko sisi," muuzaji alicheka. "Kaja nacho huyu dada kutoka Izigo."

Huyo dada alikuwa kavaa nguo nyeusi. "Alinipa marehemu mume wangu," alisema. "Aliniambia, wageni wetu utawakaribisha wewe."

Kwetu kikapu hicho hushikwa na mke mwenye nyumba. Nikaikaza rozari mkononi.

"Nakinunua," nikasema. "Nilikisuka mimi, mke wa Projestus."

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Kisha akakitwaa mezani, akakikumbatia, akaondoka.