Kiingereza cha Mbwa

Bwana Sembuli alimfungua mbwa wake, Jenerali, kamba katikati ya uwanja wa mpira, ili mji mzima uone mbwa aliyefunzwa. Jenerali alitoka mbio hadi golini, akaanza kunusa nyasi.

"Kamu!" aliita Bwana Sembuli. Kwake mbwa haitwi kwa Kiswahili. Kiswahili, alipenda kusema, ni cha kuku na watumishi. "Kamu hia!"

Mara ya kumi ndipo Jenerali alipojikokota hadi miguuni pake, tumbo likigusa vumbi. Bwana Sembuli akamcharaza kwa ile kamba kwa sababu amechelewa. Kisha akamwachia tena, eti ajifunze.

Jenerali alikimbilia goli la mbali zaidi.

"Kamu!"

Mama Nasibu, aliyekuwa akikaanga vitumbua kando ya uwanja, alishindwa kunyamaza. "Baba, kaja, kapigwa. Wewe ungekuja?"

"Lugha haijamkaa vizuri."

"Imemkaa sana! Kamu maana yake njoo upigwe."

Watu waliangua kicheko. Bwana Sembuli akaificha kamba nyuma ya mgongo, akachuchumaa na suruali yake iliyonyooshwa kwa pasi, na mbele ya wote akaita kwa upole, kwa lugha ya kuku:

"Njoo, baba. Njoo."

Jenerali alikuja hadi katikati ya uwanja, akaketi. Uso wa bwana wake hakuutazama. Alikuwa akiusubiri ule mkono usioonekana, wenye kamba.