Sumaku ya Moto wa Buluu

"Moto wa hapa unanitii kuliko mke wangu," fundi wa tanuri alijigamba.

"Huyo mke ni mwanangu," mama mkwe alimkata. "Chunga ulimi."

Miezi mitatu vigae vilikuwa vikitoka tanurini vyeusi kwa masizi, na wateja wakivirudisha. Mama mkwe, mwenye tanuri, alikuwa amechoka. Leo ndiyo leo: fundi asipousafisha moto, afungashe virago. Akiusafisha, tanuri ni lake, na mwana wa kiume wa mama mkwe atafute kazi kwingine.

Huyo mwana alisimama kando, akimtazama shemeji yake kama mtu anavyomtazama nzi kwenye chai.

Fundi alikuwa ameuzungushia mdomo wa bomba la moto waya wa shaba, mizunguko mia mbili, na swichi ukutani.

"Umeme ukipita, waya unakuwa sumaku. Sumaku inavuta oksijeni, inaikoroga na mafuta. Mafuta yakikorogeka na hewa sawasawa, masizi yatatoka wapi?"

"Kichwani mwako," shemeji akasema.

"Wewe si ndiye uliyerudia kidato cha pili mpaka walimu wakastaafu?"

"Basi!" mama mkwe akafoka. "Washa, tuone."

Mafuta yakashika. Moto wa manjano, moshi mzito kama blanketi. Shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Fundi akapiga mguu chini kama askari wa gwaride, akabonyeza swichi. Moto ukanguruma, ukajikaza, ukawa wa buluu. Moshi ukakatika.

Tabasamu la shemeji nalo likakatika.

"Zima," mama mkwe akaamuru.

Mguu, swichi. Manjano.

"Washa tena."

Mguu, swichi. Buluu.

Mama mkwe akashika kigae kwa koleo, akakipitisha motoni, akakipangusa kwa kitambaa. Kitambaa kikabaki cheupe. Akakigeuza huku na huku akitafuta kasoro, akaikosa.

"Haya. Ufunguo wa tanuri huu hapa," akamwambia fundi, kama anayetema kidonge kichungu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, kesho nisikuone hapa."

Fundi akanyoosha mkono kuupokea. "Pole, shemeji. Sayansi haina undugu."

"Sayansi gani?" shemeji akapayuka, macho yamemtoka. "Mama, haiwezekani! Fyuzi ya hiyo sumaku yake niliichomoa asubuhi, ninayo mimi!"

Mama mkwe akaurudisha ufunguo mfukoni, akainama pale fundi alipokuwa akipiga mguu, ambapo bomba la hewa lilichungulia chini ya ubao.