Mwenyeji Atoe Sumu

Rafiki zake Gaudensi walipoondoka, meza ya bustanini ilibaki na glasi zenye tekila kidogo chini, ndimu zilizokamuliwa, na alama za midomo ukingoni. Sesilia, mchumba wake, akaja kuzichukua akazioshe, maana wajomba zake walikuwa wanaingia getini na jua lilikuwa kali.

Akamkuta Gaudensi anayamimina mabaki yote kwenye jagi. Kipande kimoja cha ndimu kilikuwa na alama ya meno. Akakikamua tena.

"Hayo ni makombo, Gaude!"

"Nikitia maji ya machungwa na barafu, nani atajua? Wajomba zako wamezoea pombe ya komoni." Akalamba kidole, akakizungusha ukingoni mwa kila glasi ili chumvi ya kunywea tekila ishike. Ya kwake aliitengeneza pembeni, kwa ndimu nzima aliyoikata papo hapo.

Sesilia akabeba sinia lenye glasi zilizojazwa na jagi la yaliyobaki.

Wajomba walipokea kwa mikono miwili, lakini hakuna aliyekunywa. Kwao kinywaji hakiguswi mpaka aliyekiandaa akionje mbele ya wageni.

"Mwenyeji, tutolee sumu basi," mjomba mkubwa alisema akicheka.

Gaudensi akainua glasi yake. Sesilia akaichukua mkononi mwake taratibu, akaimwaga kwenye majani, akaijaza kutoka kwenye jagi, akamrudishia.

"Onja ya wageni."

Kicheko kikakatika. Chumvi ikaanza kuyeyuka, ikamchuruzikia Gaudensi vidoleni, na midomo yake ilikuwa bado imefumbwa.