Majina ya Vilele

Mama Pimbi alipenda sifa kupita kiasi, na aliishi chini ya milima isiyo na majina. Desturi ya huko ilikuwa kilele kipewe jina la mnyama wa kwanza kukifikia, na Kunguru ndiye aliyeruka kwenda kuhakikisha.

Mama Pimbi akamtuma mwanawe Sudi. Kunguru akarudi akatangaza, "Kilele kile sasa ni Sudi." Majirani wakaja kuketi naye kimya, naye akadhani wanamwonea wivu. Akamtuma Kidawa, kisha Bakheti, mwisho kitindamimba wake Tunu.

Siku moja akauliza, "Bwana Kunguru, mbona wanangu hawashuki hata kunisalimu?"

"Mama, kule juu hakuna pa kujificha, na Tai hakosi," Kunguru akajibu. "Kilele hupewa jina ambalo mwenyewe halitumii tena."

"Nawe ulijua?"

"Sote tulijua. Tulidhani nawe unajua, tukasema una moyo mgumu."

Tangu hapo, kila jioni Mama Pimbi husimama mlangoni akiwaita wanawe waje kula, mmoja baada ya mwingine. Wageni wapitao humshukuru kwa kuwatajia majina ya milima.